Bluu ya bahari unaitoa mti gani?

"Shikamoo mama. Mimi ni binti, niko Nachingwea, nimemaliza kidato cha nne mwaka juzi. Nimeiona picha yako ya majahazi kwenye simu ya shangazi. Naomba unielekeze, ile bluu ya bahari unaitoa mti gani? Na ukishanijibu, naomba unifundishe nianze kuuza na mimi."

Marahaba mwanangu. Ujumbe wako niliupata wiki mbili baada ya Nane Nane, nikausoma mara tatu, nikaufunga bila kujibu. Sikukudharau hata kidogo. Swali lako la kwanza limenigharimu cherehani, heshima kwa watu na karibu miaka miwili ya kazi, ndiyo maana halijibiki kwa mstari mmoja wa simu. Leo nimetulia, watoto wako shule, nakujibu hapa ili wasome na wenzako, maana najua mko wengi wenye ndoto hii hii.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: mimi natengeneza picha za ukutani kwa maranda ya mbao, ule utepe mwembamba unaojikunja juu ya randa fundi anapolainisha ubao. Sipaki rangi. Kila unachokiona ndani ya fremu ni rangi aliyokuja nayo mti wenyewe. Weusi ni mpingo, wekundu ni mninga, kahawia ya dhahabu ni mvule au mtiki, na matanga meupe ya majahazi, yale yanayowashangaza watu, ni ganda la mpingo huo huo mweusi. Mpingo una kiini cheusi na pembeni, chini ya gome, ganda la rangi ya maziwa yaliyoganda, mti mmoja rangi mbili.

Mwaka huu pale viwanja vya Ngongo, Lindi, picha yangu ya majahazi matatu, urefu mita moja, ilinunuliwa kwa shilingi 350,000 siku ya pili tu ya maonesho. Aliyeinunua alisimama mbele yake muda mrefu, akapitisha kidole juu ya kioo, akaniuliza natumia rangi ya kampuni gani. Nikamwambia hakuna rangi hapo, baba, ni mti. Akaita wenzake wawili waje waone. Nasema haya kwa fahari na siombi radhi, maana kufika pale nimetoka mbali.

Nimetoka kwenye banda la kuku.

Mwaka 2017 nilikuwa nafuga kuku wa kisasa hapa Mtwara, mtaa wa Magomeni. Nilichukua mkopo wa kikoba nikanunua vifaranga 300. Maranda ya kutandika bandani nilikuwa nayachukua kwa mjomba wangu, kaka yake mama, ambaye ni seremala. Kila Jumamosi nilikwenda na magunia matupu, nafagia karakana yake, naondoka na mzigo. Yeye alifurahi karakana ikawa safi, na mimi nilifurahi kuku wakalala pakavu.

Kisha mdondo ukaingia. Anayefuga anaujua. Asubuhi unakuta watatu wamepinda shingo, jioni kumi, kesho yake unaacha kuhesabu. Ndani ya siku tano nilibaki na kuku kumi na mmoja. Nilichimba shimo nyuma ya nyumba nikawafukia, mwanangu mkubwa akinimulikia tochi. Nilikuwa nimechelewa kuwachanja kwa wiki moja, kwa sababu ya pesa.

Magunia manne ya maranda yalibaki yameegemea ukuta. Nililikalia moja, nikalia, na nikawa najishughulisha tu na mkono, nachota na kumwaga, nachota na kumwaga. Ilikuwa saa kumi jioni, jua linaingia kwa chini. Nikaona kwenye kiganja changu tepe mbili zimeshikana, moja nyekundu kama udongo wa Makonde baada ya mvua, nyingine njano iliyoiva. Hazikuwa zimepakwa kitu. Nikamwaga gunia lote chini, nikaanza kutenga. Nyekundu huku, kahawia huku, nyeupe huku. Mama alipotoka ndani akanikuta nimezungukwa na mafungu ya maranda, akadhani msiba wa kuku umenipanda kichwani.

Picha yangu ya kwanza ilikuwa jogoo. Nililibandika kwenye kipande cha kadibodi kwa gundi ya shule, kilemba chake mninga, mkia mjohoro. Lile jogoo ninalo mpaka leo, limeinuka inuka kila mahali, na siliuzi.

Nikampelekea mjomba. Sisi Wamakonde mjomba ndiye mwenye neno, si mtu wa kumpita pembeni. Aliliangalia, akaligeuza nyuma, akaligeuza mbele, akasema, "Mpwa wangu, haya maranda ni ya mashine. Haya ni ya kuku. Ukitaka kazi hii, kajifunze kwanza kushika randa." Akaondoka akaniacha nimesimama. Kesho yake alfajiri nikawa mlangoni kwake.

Miezi minane iliyofuata sitaisimulia. Nilinoa, nikaranda, nikakosea, nikanoa tena.

Lakini hapa ndipo wengi mnaonitumia ujumbe mnapopotea, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Mashine ya kuranda inakata ubao kwa visu vinavyozunguka kwa kasi, inatoa vipande vifupi vilivyovunjika. Havifai. Unahitaji randa la mkono, ulimi wake uwe mkali wa kunyoa nywele za mkono, na uchungulie kwa chini kidogo mno, kiasi cha unene wa karatasi. Halafu uende na nyuzi za mti. Ukienda kinyume na nyuzi, ubao unang'oka mabaka na utepe unachanika. Ukienda nazo, randa linaimba. Kuna sauti, hissss moja ndefu, na utepe unapanda mdomoni mwa randa unajikunja kama nywele za mtoto, unakuangukia juu ya mkono bado una joto. Ukiuinua kwenye mwanga unaona kidole chako upande wa pili. Huo ndio utepe wa picha.

Na kila mti una tabia yake. Mninga ni mpole, unatoa utepe mrefu na harufu tamu inayobaki kwenye nguo mpaka usiku. Mkongo una wekundu wa manjano, mzuri kwa ngozi za watu na kuta za nyumba za udongo. Mfenesi ukiuranda siku hiyo hiyo ni njano kali, lakini usiuamini, ukikaa kwenye mwanga unakuwa kahawia. Mjohoro, huu huu tunaoupanda uani kwa ajili ya kivuli, kiini chake kina mistari ya giza na mwanga iliyopangana kama manyoya ya ndege. Sijawahi kuchora manyoya hata mara moja tangu niujue. Mnazi haufai kabisa, hautoi utepe, unatoa nyuzi kama za ufagio na unaua makali ya randa kwa dakika tano. Na mpingo ni mfalme mgumu. Ni mzito hata ukitupwa kwenye beseni la maji unazama, na maranda yake ukiyalazimisha yanavunjika vipande kama ganda la yai. Mimi ubao wa mpingo naufunga kwenye kitambaa chenye unyevu usiku kucha kabla ya kuuranda, na bado katika tepe kumi napata tatu za kufaa.

Ukishapata tepe, hazibandikwi zikiwa zimejikunja. Mimi nazilaza ndani ya khanga ya zamani iliyonyunyiziwa maji, naikunja khanga, naipiga pasi ya mkaa juu yake taratibu, kwa kubonyeza bila kusugua. Mvuke unatoka na harufu ya mbao, unafungua khanga unakuta tepe zimelala kama karatasi. Pale pale unakata kwa wembe umbo unalolitaka, unapaka gundi nyeupe ya mbao nyembamba juu ya plaiwudi, unalaza, unaweka kipande cha nailoni juu yake na gunia dogo la mchanga, unaacha mpaka kesho. Tanga la jahazi ndilo pekee ninaloliacha na mkunjo wake wa asili, ndiyo maana linaonekana lina upepo.

Vaa barakoa. Nimesema hili kwenye kila andiko na narudia. Vumbi la mvule na la mpingo si la kuchezea. Mimi mvule ulinipa kikohozi cha mwezi mzima, na mpingo unaniwasha mikono mpaka leo nikisahau kunawa.

Sasa nije kwenye bluu.

Mwaka 2019 kazi yangu ilikuwa imeanza kujulikana. Akaja mtu mmoja kutoka jiji fulani, akasema ana tenda ya hoteli, wanataka picha 24 za vyumbani, zote za bahari ya kusini, Mikindani na Msimbati. Picha 24! Mimi niliyekuwa nauza moja kwa mwezi, tena kwa kuhurumiwa. Alitoa malipo ya awali, chini kidogo ya nusu. Sharti lilikuwa moja, bahari iwe bluu. Nikamwambia, kaka yangu, mimi natumia rangi ya mti na hakuna mti wa bluu. Bahari yangu huwa naifanya kwa kahawia na nyeupe, kama ilivyo jua likizama. Akasema wateja hawataki jua likizama, wanataka bluu. Nikasema haipo. Akaniambia, kwa sauti ya chini kabisa, "Si utie rangi tu. Nani atajua?"

Usiku ule sikulala. Asubuhi nikaenda sokoni nikanunua rangi ile ya unga ambayo kina mama wanachemshia ukindu wa mikeka. Bluu na kijani. Nikaranda paini, maana ni nyeupe na inanywa rangi vizuri, nikachemsha maranda kwenye sufuria uani. Mjomba alipita akaona. Hakusema neno. Aliangalia lile sufuria, akaniangalia mimi, akaenda zake. Afadhali angenigombeza.

Yalitoka mazuri, nisiseme uongo. Bluu ya kung'aa, bluu ya kitabu cha watoto. Nilimaliza picha zote 24 kwa wiki kumi na moja, nikaazima pesa kikoba za vioo na fremu, shilingi 800,000, nikazisafirisha. Na kwenye karatasi ndogo nyuma ya kila picha, kwa mkono wangu mwenyewe, niliandika: rangi zote ni za asili za mti.

Hiyo sentensi ndiyo inayonichoma kuliko deni.

Salio walisema watalipa ndani ya siku tisini. Ilipofika miezi saba nikaletewa picha kwenye simu. Vyumba vinavyoingiza jua, bahari ilikuwa imepauka ikawa rangi ya maji yaliyooshewa vyombo. Vyumba vyenye unyevunyevu, bluu ilikuwa imetoka kwenye maranda ikaingia kwenye tanga jeupe, matanga yana mabaka kama nguo iliyofuliwa na jinzi. Mninga uko palepale. Mpingo uko palepale. Nilichokitia mimi ndicho kilichokimbia. Chini ya zile picha palikuwa na maneno machache tu: "Tulidhani ni sanaa ya asili."

Salio halikulipwa. Yule aliyeniambia nani atajua, alipoulizwa, alisema yeye hakuwahi kunishauri kitu kama hicho, na akawaambia na wengine kwamba mama wa maranda wa Mtwara ni tapeli. Nimemsamehe mara nyingi, na kila nikimkumbuka nalazimika kumsamehe upya. Lakini mkono uliokuwa kwenye sufuria ulikuwa wangu, na kalamu iliyoandika ile karatasi ilikuwa yangu. Cherehani niliiuza kulipa kikoba. Kwa mwaka mzima na nusu sikubandika utepe hata mmoja. Niliuza vitumbua.

Vijana wangu, nisikilizeni hapa. Mnaishi kwenye ardhi ambayo watu wake walifanya jina la Makonde lijulikane duniani kwa kisu na tezo. Mtu akiwa Ulaya akisikia Makonde anakumbuka kinyago. Na leo kuna watu wanachonga mti mweupe wa bei nafuu, wanaupaka dawa ya viatu, wanamwambia mgeni ni mpingo. Mgeni anafika hotelini, anaweka kinyago bafuni, asubuhi ana alama nyeusi kwenye taulo. Huyo harudi tena, na hatamnunulia hata yule mzee wa Newala anayechonga mpingo wa kweli tangu ujana wake. Umemwibia mzee wa watu riziki bila kuingia nyumbani kwake. Nasema kwa uchungu kwa sababu na mimi nilifanya hivyo hivyo, kwa sufuria badala ya brashi. Usitie rangi. Ukibanwa na mteja, usitie rangi. Mteja akikuonesha pesa mezani, usitie rangi. Mwambie bahari yangu haina bluu, na akiondoka muache aondoke.

Na mbao zenyewe zipate kwa njia iliyonyooka. Najua mpingo wa kificho upo na una bei ya chini. Sisi tunahitaji vipande tu, masalia, pembe za ubao ambazo fundi anazitupa motoni, hakuna sababu ya kununua gogo la wizi. Muulize fundi mbao yake imetoka wapi na karatasi zake ziko wapi. Kuna watu wanaifanya kazi hii kwa haki. Kule Kilwa, misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi ilipata mwaka 2009 cheti cha FSC, baraza la kimataifa linalothibitisha misitu inayotunzwa vizuri, wanakijiji wanavuna kwa mpango na pesa inarudi kijijini. Mti wa mpingo unachukua miaka mingi kuliko umri wa mtu mpaka uwe wa kuvunwa. Ukiwa na utepe wake mkononi, ushike kwa adabu.

Basi, bluu.

Mwaka 2021, msimu wa mvua, nilikwenda kwa muuza mbao hapa mjini kununua paini ya kutengenezea kibanda cha vitumbua. Paini yetu nyingi inatoka nyanda za juu, upande wa Mafinga. Kwenye kona ya uwanja wake palikuwa na rundo limetengwa, limefunikwa turubai lililochanika. Nikauliza bei, akaniambia zile chukua hata kwa nusu, mafundi hawazitaki, zimepiga ukungu. Nikafunua turubai.

Mwanangu wa Nachingwea, ubao wa paini ule ulikuwa na bluu. Haikuwa bluu ya rangi ya sokoni. Ilikuwa bluu ya moshi, imeingia kwa michirizi kutoka pembeni ya ubao kuelekea katikati na kuishia ghafla pale kiini kinapoanza. Nikajua baadaye kwamba gogo la paini likikaa muda mrefu baada ya kukatwa likiwa bado bichi, kuna ukungu unaoingia kwenye ganda lake la nje kufuata utamu ulioko humo, unakula ule utamu na kuacha rangi yake ndani ya nyuzi. Nguvu ya mbao haiondoki sana. Inaharibika sura tu, na fundi wa makabati anataka sura.

Nilinunua mbao nne, nikasahau kibanda. Sikwenda nyumbani, nilikwenda moja kwa moja kwa mjomba, nimeloa mvua, nikamwomba randa. Alinipa bila kuuliza. Tepe ya kwanza ilitoka nusu nyeupe, nusu bluu, na pale zinapokutana hakuna mstari, zinaingiana kama maji ya kina kifupi yanavyoingia kwenye kina kirefu. Nilikuwa nimeshika asubuhi ya Mikindani, saa kumi na mbili, kabla jua halijatoka na ngalawa bado ni vivuli. Mjomba alivaa miwani yake, akaishika kwenye mwanga wa mlango. Akasema, "Hii hujaipika." Nikasema, "Sijaipika, mjomba." Akanirudishia.

Lakini nilikuwa nimeshaungua. Sikubandika kitu. Nilichukua tepe kumi, nikazibana kwenye kadibodi, nikaifunika nusu kwa kadibodi nyingine, nikaiweka dirishani kwangu upande wa mashariki kunakoingia jua la asubuhi lote. Nikaandika tarehe. Nikaendelea na vitumbua. Kila siku nilikuwa naiona na sikuigusa. Miezi mitatu. Siku niliyofunua mikono ilikuwa inatetemeka. Upande uliokuwa juani paini yenyewe ilikuwa imeingia unjano kidogo, kama paini zote, na kwa sababu hiyo bluu ilikuwa imeelekea kwenye kijani cha mbali, kama maji yanayopita kwenye mikoko. Lakini ilikuwepo. Haikukimbia.

Tangu siku ile hakuna utepe unaoingia kwenye picha yangu ambao mwenzake hajakaa dirishani. Mfenesi nimeuweka, ukaniambia utakuwa kahawia, basi nautumia pale ninapotaka kahawia. Mvule unaongeza giza. Mninga unatulia. Nina kadibodi hizo thelathini na tisa sasa, zimepangwa kwenye boksi la viatu, na kama nyumba itaungua, Mungu apishe mbali, hilo boksi ndilo nitakalolitoa baada ya watoto. Na kijivu cha mawingu nakitoa kwenye mbao za zamani zilizopigwa jua na mvua miaka mingi, nilipewa kipande cha jahazi bovu Mikindani. Hapo unapata mkupuo wa kwanza wa randa tu, ukipitisha mara ya pili umeshafika kwenye ubao wa kahawia na kijivu kimekwisha.

Umeniuliza pia kuhusu kuuza. Ningependa ungeniuliza hilo mwakani, lakini nitakwambia mawili. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba malipo yakishaanza kutoka minadani, watu wa huku wanajenga na kununua samani, karakana zinafanya kazi usiku na mchana. Huo ndio wakati wa kukusanya masalia mengi na ndio wakati wa kuuza, maana pesa iko mitaani. Na usiweke bei ya huruma. Picha yangu ndogo kabisa ni shilingi 40,000, mtu akisema ni maranda tu, namwonesha randa namwambia anitolee utepe mmoja. La msingi ni lile lile, noa ulimi, usitie rangi, weka dirishani. Sina siri nyingine niliyoificha.

Wiki iliyopita nilimpelekea mjomba ile picha ndogo ya ngalawa niliyomtengenezea mwaka jana, ilikuwa imelegea fremu. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Aliipapasa kioo, akauliza, "Bluu ipo?" Nikamwambia ipo.

Jumatatu nitampa kondakta wa basi la Nachingwea bahasha ya kaki yenye jina lako, nitakutumia namba ya gari kwenye ujumbe. Ndani kuna tepe sita za paini yenye bluu, nne za mninga, mbili za mpingo zimefungwa kwenye karatasi ngumu zisivunjike, na kadibodi mbili. Usizibandike popote. Zibane kwenye kadibodi ya kwanza, funika nusu kwa ya pili, uandike tarehe, uziweke dirishani linakoingilia jua la asubuhi. Miezi miwili ikiisha unifunulie, unipigie picha, unitumie.